Bonyeza Mara Tano

3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila miguu inalalamika kwa kusimama dukani kutwa. Wewe hujambo? Lile jino lilipona? Na usiniambie tena uligonga mlango, maana milango ya nyumba yako ina ngumi.

Kifurushi anachokuletea dereva wa basi kina simu mpya kabisa. Ifungulie saluni kwa Msusi, siyo nyumbani. Mkishaiwasha, piga nyota, reli, sifuri, sita, reli. Namba itakayotokea ilingane na iliyoandikwa kwenye boksi. Ikilingana ni halali, siyo ya kughushi. Kile kijitabu chembamba usikitupe kama wanavyokitupa wateja wangu. Kinasema mionzi yake haizidi kipimo kilichoruhusiwa, uichaji kwa chaja yake tu, usiilaze chini ya mto, na betri isitobolewe wala kupondwa, itawaka moto.

Kisha weka alama ya kidole chako. Chako peke yako. Na namba ya siri isiwe tarehe ya harusi, tarehe hiyo imekuumiza vya kutosha.

Sasa sikia kilichonifanya nichague hii. Kwenye orodha ya dharura andika namba yangu na ya Msusi. Kitufe cha pembeni ukikibonyeza mara tano haraka haraka, simu itatuita na kutuonyesha ulipo, hata ikiwa imefungwa. Usiijaribu, isije ikatuita bure. Siku akiinua mkono, bonyeza.

Mdogo wako


21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba. Huku tunaishi. Jino halikupona, liling'olewa, na sasa nikicheka napiga mluzi.

Simu ni nzuri mpaka niliona haya kuishika. Namba zililingana. Msusi alisoma kijitabu chote kwa sauti, na mteja wake, amesukwa nusu kichwa, akasema laiti na waume wangekuja na kijitabu. Tulicheka mpaka nikasahau saa.

Kilichoniponza ni kidole. Miaka kumi na moja ya udobi, kufua mashuka ya watu kwa dawa ya kung'arisha, imenifuta alama zote. Simu ilikataa gumba, ikakataa cha shahada, ikavikataa vyote kumi. Nikasema nitapaka mafuta nijaribu tena nyumbani. Shemeji yako akanikuta jikoni nahangaika. Unaijua sauti yake, wateja wa cherehani yake humwita fundi mpole. Akasema, "Lete, mke wangu, nikusaidie," akaweka kidole chake. Ikampokea papo hapo.

Jumanne ukaingia ujumbe wako: "Bado anakupiga?" Alikuwa anapiga pasi suruali ya mteja. Akausoma, akanionyesha, akaniuliza tukujibu nini. Kisha akakishika kiganja changu cha kushoto, akakilaza mezani na kupitisha pasi juu yake, taratibu, kama anavyonyoosha kola. Nilisikia harufu kabla ya maumivu. Baadaye akaimalizia suruali. Mwenyewe akaja kuichukua, akamshukuru.

Usitume tena ujumbe kwenye simu. Andika kwa karatasi, mpe dereva, aifikishe kwa Msusi.

Dada yako


29 Machi

Dada,

Shikamoo. Sina salamu nyingine mdomoni. Barua yako niliisomea nyuma ya duka, nikapiga ukuta mpaka mkono ukavimba. Ujumbe ule niliuandika mimi. Nimekuunguza kwa vidole vyangu mwenyewe.

Ingia kwenye mipangilio, kisha usalama, ukifute kidole chake. Ukiogopa kukifuta, basi kumbuka kubonyeza mara tano hakuhitaji kidole cha mtu yeyote. Au niambie siku tu, nije na nondo nimnyooshe na yeye. Nimeshaitafuta.

Mdogo wako


8 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijambo, kwa maana ya kwamba ninaandika. Mwandiko usikushtue, ni wa mkono ule ulioungua. Wa kulia uko kwenye plasta, na mimi niko hospitali.

Kidole chake sikukifuta. Ningekifuta, angenivunja changu.

Jumapili chanzo kilikuwa chumvi. Aliponikaba shingo nilitia mkono mfukoni mwa aproni nikabonyeza. Mara tano, nilihesabu. Simu ikapiga king'ora! Mbona hukuniambia inalia? Ikaanza kuhesabu kurudi nyuma, tano, nne, tatu, kwa kelele za gari la zimamoto, na yeye akatazama mfuko wangu. Ilipofika mbili alikuwa ameshaichomoa, ameibwaga sakafuni na kuitwanga kwa pasi. Kijitabu hakikudanganya. Ilitoa moshi, kisha mwali, zulia likashika, na mkono wake ukaungua hadi kwenye kiwiko. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Halafu pasi ile ile akanigeuzia mimi. Mkono, mbavu tatu, taya. Majirani walikuja kwa sababu ya moshi. Mayowe yangu wameyazoea.

Sasa yuko nje ya wodi na bandeji yake, analia, anawaambia wauguzi nilianguka kwenye ngazi. Nyumba yetu haina ngazi. Askari aliyekuja kuandika maelezo alikuwa amevaa sare aliyoishona mume wangu. Ijumaa ananirudisha nyumbani, na nikirudi sitoki tena.

Najua umeshafunga safari na nondo yako. Kaa hapo hapo. Wewe unajua simu, mume huyu namjua mimi. Wanawake wa kufulia hapa hospitali ni wenzangu. Mashuka machafu hutolewa mlango wa nyuma kila asubuhi kwa toroli kubwa, na hakuna mtu mwenye hamu ya kuyafunua. Alhamisi nitakuwa chini ya mashuka hayo. Nakwenda wapi, sikuambii. Nakupenda, lakini tangu utoto siri kwako haikai, na atakuja kukuuliza. Siku hiyo nataka uwe hujui.

Usinitafute. Usininunulie simu nyingine.

Dada yako


2 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, popote ulipo. Msusi anasema hajui ulikokwenda, ila barua hii ataitunza mpaka atokee wa kuichukua. Vipi mbavu? Mkono umeunga?

Alikuja. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, duka limejaa, namwashia bibi mmoja simu yake mpya na tumefika kwenye kuchagua lugha. Shati lake limenyooka, bandeji safi. Akasema, "Hujambo, shemeji," akaniuliza uko wapi. Nikamwambia sijui. Akatoa mkasi wake wa kukatia vitambaa akaukita katikati ya kiganja changu mpaka ukagota kwenye kioo cha kaunta. "Yuko wapi?" Sijui. Akauchomoa, akaukita begani. Bibi akapiga kelele, watu wakakimbilia mlangoni badala ya kunisaidia. Aliuinua mara ya tatu, akanitazama machoni kwa muda mrefu, nami nalia kama mtoto, na hapo nikaona ameniamini. Akaushusha. Mlinzi na wauza viatu wa jirani walimwangusha akiwa anaufuta damu kwa leso.

Yuko ndani, lakini kaka zake wanahangaikia dhamana. Vidole vyangu viwili havikunji. Simu za watu nawashia kwa mkono wa kushoto sasa, na bosi amenivumilia.

Nilikukasirikia, dada. Wiki nzima kabla hajaja nilikuwa najiuliza umenionaje mpaka unifiche, mimi wa tumbo moja nawe. Sasa nakuambia ukweli ambao sijamwambia mtu. Ningejua, ningesema. Kwenye kiganja labda ningevumilia. Mkasi ulipoingia begani ningekitaja kijiji, ningeitaja nyumba, ningemchorea na njia.

Usijibu barua hii.

Mdogo wako