Maziwa Kwenye Friji ya Hoteli

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, si unakimbizana na kuku uani, na goti lako liwe limekuonea huruma wiki hii. Mimi mzima, nakula, nalala, sina homa wala kikohozi. Na mumeo mdogo, Mzee wangu, hajambo? Jino la pili limetoka, au bado anakutafuna kidole? Mbusu pale kisogoni pasipo na nywele, mwambie mama yake anamsalimu sana. Nimeandika herufi kubwa kusudi usihangaike kumwita jirani akusomee, maana mengine humu ni yetu sisi wawili, na kwenye ile simu yake tunaongea huku nyumba nzima imetega masikio.

Uliniuliza hoteli ikoje nikakujibu nzuri tu, basi. Sasa nikueleze vizuri. Nilipoambiwa hoteli, mimi akili yangu ilikwenda kwa watalii na kofia zao na picha zao. Wapi! Watalii wako huko katikati ya mji. Huku kwetu upande mmoja kuna ghala la matairi, upande mwingine ofisi za bima, mbele barabara ya malori. Hakuna anayekuja kutembea. Wageni ni watu wa kazi, wauza dawa, wahasibu, mafundi mitambo, kila mtu kitambulisho shingoni na kompyuta kwapani. Tukiingia kwenye lifti tunautazama mlango kama vile umetukosea. Sisi mafundi wa kushona tumewekwa hapa na kampuni iliyotuuzia mashine mpya, kwa sababu karakana yao ya mafunzo iko ng'ambo ya barabara tu.

Chumba ni kisafi mpaka unaogopa kukohoa. Kitanda kinatosha ukoo mzima. Dirisha halifunguki, upepo unatoka ukutani. Ukishafunga mlango husikii gari wala mtu, na hapo ndipo ninapoanza kumsikia Mzee. Niko bafuni, nasikia analia, nafunga bomba haraka, kumbe hakuna kitu. Matiti nayo yanadanganyika vilevile, nguo inaloa hapo hapo.

Kwa hiyo asubuhi nakamua, na jioni nikirudi nakamua, yasije yakakauka. Najua ilitakiwa nimwage. Siku ya kwanza nilisimama kwenye sinki na glasi mkononi, mkono ukakataa. Nikaiweka kwenye kifriji cha chumbani, kana kwamba yupo mtu atakayekuja kuinywa. Ikawa ndiyo desturi yangu. Namwaga ya jana pale tu ninapokuwa na ya leo ya kuweka.

Sasa cheka kidogo, Mama. Unajua ulivyotulea, kwamba mgeni anaacha chumba kama alivyokikuta. Basi kila asubuhi nilikuwa natandika kitanda mpaka shuka linanyooka kama limepigwa pasi, nakausha sinki, nakunja taulo, halafu nafungasha nguo zangu zote kwenye begi natoka nalo, nisiache vitu vyangu vimezagaa kwenye nyumba ya watu. Mama anayesafisha ghorofa yetu, tunamwita Mama Mashuka, alikuwa ameshanizoea. Anasema mimi ndiye mgeni pekee anayetaka kumfukuzisha kazi. Lakini juzi yeye alikuwa na zamu ya mchana, na asubuhi akapita msichana mpya wa usafi. Akafungua, akaona chumba hakijaguswa, hakina hata soksi, akapeleka habari mapokezi kwamba aliyekuwa humo ameshaondoka. Mapokezi wakakigawa kwa bwana mmoja muuza mabomba.

Narudi jioni, mlango umenikatalia. Nikashuka mapokezi, yule dada akaangalia mashine yake akaniambia kwa upole kwamba mimi nimeshahama. Nikamwambia basi anielekeze nilikohamia, maana nimechoka, nataka kwenda kulala. Waliokuwa foleni wakaangua kicheko.

Tukiwa hapo simu ya mezani ikalia. Alikuwa huyo muuza mabomba. Anaipongeza hoteli, eti amezunguka kwingi hajawahi kuwekewa maziwa halisi kwenye friji. Ametia kwenye kahawa, matamu, hata sukari hakuongeza. Je, angeweza kupata mengine?

Mama, nilitamani sakafu ifunguke inimeze. Dada wa mapokezi akauliza kwa sauti ni nani anaweka maziwa vyumbani. Mama Mashuka alikuwa anapita na kitoroli chake. Akanitazama usoni, akanitazama kifuani, blauzi imeloa. Akamwambia dada amjibu mteja kwamba maziwa yameisha na mwenye nayo ameshafunga duka. Kisha akanishika mkono akaniingiza stoo ya mashuka, akafunga mlango, akacheka mpaka akakalia rundo la mito. Alisema mabomba ya bwana yule mwaka huu hayatapata kutu. Nami nikacheka, nikacheka, halafu sijui ilikuwaje, nikawa nalia.

Akaniuliza mtoto wangu ana umri gani. Nikamwambia ameanza kutambaa na mimi sijaona. Hapo akainuka, akavuta foronya za kukunja. Akasema na yeye wa kwake alimwacha kwa mama yake alipopata kazi hii, akajipa moyo kwamba ni miezi michache tu. Sasa mtoto yuko shule. Akienda nyumbani, mtoto anampokea kwa adabu zote, anamkaribisha kiti, halafu anamuuliza bibi yake kama anaweza kukaa karibu na mgeni. Alikuwa ananieleza hayo huku anakunja foronya, moja juu ya nyingine, wala hakulia. Kisha akanitafutia chumba kingine.

Sasa nije kwenye lile ambalo nimelizungusha tangu mwanzo wa barua. Nilikuambia kwenye simu kwamba mafunzo yameongezwa wiki. Si kweli, Mama. Mafunzo yamekwisha, na wiki hii nimebaki hotelini nikisaidia karakanani. Mwalimu wetu, mama mkavu asiyesifia mtu, alisema mkono wangu ni mwepesi na anataka nibaki nifundishe wengine wanaokuja, mpaka mwisho wa mwaka, na chumba watanipa nyuma ya karakana. Wiki hii nilikuwa natafuta mdomo wa kukuambia. Moyoni nilishakubali. Nilijiambia Mzee ana wewe, atapungukiwa nini? Na wewe siku ile ukasema anakunywa uji kwa kikombe vizuri, labda umwachishe ziwa kabisa kabla sijarudi, nikajibu sawa. Haikuwa sawa. Nilikata simu nikakaa na viatu miguuni, sikujua niende wapi.

Baada ya Mama Mashuka, asubuhi yake nilimfuata mwalimu kabla mashine hazijawashwa. Nikamwambia nitabaki kama mwanangu atakuwa nami. Akauliza nani atamshika wakati nafundisha. Mdomo wangu ukajibu wenyewe, ukasema mama yangu. Sikuwa nimekuuliza, Mama. Nimekusemea wewe mtu mzima, na goti lako, na kuku wako, na nyumba uliyoizoea. Nisamehe. Amesema chumba kinachukua vitanda viwili, na anangoja jibu.

Jumamosi nakuja kulichukua hilo jibu. Ukikataa sitanuna, nitarudi kwenye cherehani yangu ya zamani hapo nyumbani tuendelee kama tulivyokuwa, kwa sababu huku bila yeye sikai. Lakini Mama, nakuomba kwa magoti, usimwachishe. Maziwa bado yapo.

Na nikifika, akinishangaa akajificha nyuma yako, usimsukume kwangu, wala usimwambie huyu ni mama yako. Niache nikae chini sakafuni, hata kama ni mpaka jioni. Nataka nimwone akija mwenyewe.

Wasalimie wote wanaoniulizia, uwaambie niko salama na ninawakumbuka. Wewe nakukumbatia mpaka tutakapoonana.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Mama Mzee