Kikombe kwa Mikono Miwili

Ijumaa, 7 Februari 2014
Nimepiga pasi mashati mawili, langu na la Barasa. Nimechemsha chai. Ameipokea kwa mikono miwili, kama kila asubuhi. Vijana wengi hapa Najma, mtaa wetu wa ughaibuni, wameisahau adabu hiyo. Mpwa wangu hajaisahau. Hilo pekee limenifariji wiki hii.

Jumapili polisi walimkamata akiendesha basi la wafanyakazi wa hoteli, amelewa. Basi lilikuwa tupu. Namshukuru Mungu. Yuko nje kwa dhamana. Leseni imechukuliwa.

Ibada ya Ijumaa kanisani Mesaimeer. Sikuimba.

Jumapili, 9 Februari
Mahakama, ambayo hapa hukaa hata Jumapili, imeamuru apimwe na daktari kabla ya hukumu. Je, alilewa siku moja, au pombe imemtawala? Daktari atamhoji pia mtu anayeishi naye. Mtu huyo ni mimi. Barasa anaapa ilikuwa siku moja tu, sherehe ya rafiki. Namwamini. Sijawahi kumwona akinywa. Anahofia kurudishwa Kenya.

Jumatatu, 10 Februari
Mama Nekesa wa kanisani alileta chapati na ushauri. "Mzee, wewe sema hujui. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haina mdomo."

Nikamjibu kwamba kata hii ina mdomo. Akacheka, akaniita Hakimu. Chapati zilikuwa nzuri. Ushauri haukuwa mzuri.

Jumatano, 12 Februari
Daktari ni mwanamke wa makamo, mpole. Alituhoji pamoja. Hulala vizuri? Hula? Huchelewa kazini? Nilijibu kwa fahari. Kisha akauliza kama mikono ya Barasa hutetemeka asubuhi.

Nilifungua kinywa niseme la. Nikakumbuka kikombe. Asubuhi mikono miwili. Jioni mmoja. Adabu haibadiliki jua likitua.

Nikamweleza daktari. Barasa alitazama sakafu.

Tulipokuwa tukishuka ngazi akasema, "Mjomba, umenichoma." Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na macho yangu.

Ijumaa, 14 Februari
Hanisemeshi. Chai yake ilipoa mezani. Nilikwenda Mesaimeer peke yangu. Mama Nekesa aliuliza, nikamwambia. Hakuniita Hakimu.

Jumanne, 25 Februari
Hukumu. Faini, mwaka mmoja bila leseni, na matibabu ya lazima kwa daktari yule yule. Harudishwi Kenya. Hoteli imemhamishia kwenye chumba cha kufulia.

Alipoulizwa, alisimama akasema mwenyewe kwamba hunywa kila usiku. Sikulitarajia hilo. Mikono ilitetemeka, sauti haikutetemeka.

Njiani aliniuliza kama nyumbani kuna sukari. Ipo, nikasema.

Ijumaa, 25 Aprili
Mashati ameyapiga pasi Barasa. Kola zimenyooka kuliko nilivyozinyoosha mimi. Sikumwambia.

Nimemmiminia chai. Amepokea kikombe kwa mkono mmoja, tena wa kushoto, huku wa kulia ukitafuta kijiko. Hakuna tone lililomwagika.

Sikumkemea.