Lenzi ya Durban na Kicheko cha Mama Yako

Yonathani Silwimba,
Studio ya Picha, nyuma ya stendi,
Tunduma.
21 Julai 2024

Mpendwa mwanangu Lwitiko,

Nakusalimu wewe na mkeo Ruti na mjukuu wangu Goodness. Hamjambo huko Durban? Kile kikohozi cha Ruti kimeisha? Sisi huku tu wazima. Mgongo unauma asubuhi, ukipata jua unanyamaza. Macho yangu ni mazima kabisa, mwenye kusema vingine mlete. Mama yako Enesi naye mzima, yuko Isansa na kahawa yake. Amekataa kuhamia mjini na mimi sijamlazimisha.

Naandika kwa mkono kwa sababu barua hii inakuja na picha, na simu inaiharibu picha, inaifinya. Niliishia darasa la nne, lakini barua zangu zinasomeka kuliko za waliosoma. Hata mchungaji amelisema hilo.

Lenzi niliipokea kwa dereva Ferdinand, iko kwenye kasha lake, haina hata mkwaruzo. Asante. Watu wa mtaa huu walikuja kuitazama, nikawaambia imetoka kwa mtoto wa marehemu mdogo wangu Enoka. Wakasema lenzi kama hiyo inataka mtu anayejua kazi. Nikawaambia mmemwona.

Kazi uliyonipa sikuisahau. Ulisema Goodness hajawahi kumwona bibi yake, na ile picha mliyonayo ukutani anaiogopa, anasema bibi amekasirika, na safari ya Krismasi ya kuja huku hataki kuisikia. Picha ile niliipiga mimi na ni nzuri. Tatizo ni mama yako. Akiona kamera anafunga mdomo, anakaza shingo kama amekuja kupigwa picha ya kitambulisho. Ukataka nimpige akiwa hana habari, anacheka, ndiyo maana ukatuma lenzi ya kuvuta mbali.

Basi nikaenda Isansa. Nikasimama upande wa migomba, yeye yuko kwenye vichanja anachagua kahawa na jirani yake Fausta, wanacheka mambo yao. Nikabonyeza. Lenzi ikaanza kuunguruma ikitafuta umbali, inakwenda mbele, inarudi nyuma, kama lori linalotafuta nafasi kwenye foleni ya mpaka. Mpaka itulie, mama yako ameshaniona.

"Shemeji, unanivizia kama ngedere wa mahindi?"

Nikamwambia napiga kahawa. Akasema kahawa iko huku chini, huko juu ni uso wangu. Nikarudi Tunduma bila kitu.

Nikaanza kutafuta ugonjwa wa lenzi. Nilidhani mwanga ni mdogo, nikaitoa barabarani saa sita mchana, ikaunguruma vile vile. Nikabadilisha betri. Nikatoa kile kioo cha mbele cha kuzuia vumbi, maana kioo kibaya nacho kinaichanganya. Hakuna kitu. Kuna swichi ubavuni ya kuichagulia itafute mbali tu au itafute kote, nikaiweka mbali. Nafuu kidogo, halafu ikarudia. Nikaamua kwamba lenzi yako ni mbovu, wamekuuzia vibaya. Nilikuwa nimeshaanza barua ya kukuambia hivyo.

Mwenye studio ya ng'ambo ya barabara anaitwa Clever. Yule ni wa kompyuta, anamwondolea mtu chunusi halafu mama yake hamtambui. Sikumwita. Alikuja mwenyewe kuazima stuli, akaiona lenzi mezani, akaigeuza nyuma kwenye vile vishaba vya rangi ya dhahabu vinavyogusana na kamera.

"Mzee, hapa umepaka nini?"

"Grisi."

"Grisi ya nini?"

"Ya kuzuia kutu. Betri za malori yote yanayopita hapa zinapakwa."

Akaiweka lenzi mezani taratibu. Halafu akasema, "Shikamoo mzee wangu," na asubuhi tulikuwa tumeshasalimiana.

Anasema kamera na lenzi zinaongea kupitia vile vishaba, na grisi imeshika vumbi la barabara yetu, kwa hiyo mmoja anaita na mwingine hasikii. Akafuta kwa kitambaa kikavu, kisha pamba na spiriti kidogo sana. Nikamwachia afanye kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi. Mimi nasema grisi si kosa. Lori halijawahi kulalamika.

Nikarudi Isansa. Safari hii sikujificha, nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, karibu na vichanja, kamera kwenye goti. Fausta naye alikuwepo. Mama yako akakaza shingo. Tukakaa. Kahawa ikachaguliwa. Akaniuliza, "Chombo chako kimepona? Kilikuwa kinaumwa nini?"

Nikamwambia, grisi.

"Grisi! Nani alikufundisha kupaka grisi kwenye kamera?"

"Mume wako."

Ni kweli. Baba yako alikuwa fundi umeme wa malori, alipaka grisi kila kilichokuwa na nyaya, hata redio. Mimi niliona inafanya kazi, nikaishika. Mama yako akaacha kahawa.

"Enoka huyo! Fausta, sikia. Siku ya harusi alitoka kupaka betri ya gari la maharusi, akanishika kiunoni mbele ya kanisa. Gauni jeupe, vidole vitano! Mpaka leo vipo. Wanaoona picha wanasema, ua zuri!"

Akacheka. Hicho kicheko sikuwa nimekisikia tangu tumzike Enoka. Nikanyanyua kamera, nikabonyeza. Lenzi ilishika hapo hapo, haikuunguruma hata kidogo. Lakini usidhani ni lenzi. Nilikuwa nimekaa pazuri.

Picha nimeisafisha mwenyewe, nimeifunga kwenye karatasi ngumu, anakuletea Ferdinand. Utaona mkono wake unapanda kuziba mdomo. Haukufika. Pengo la mbele linaonekana vizuri sana.

Nilimwonyesha hapo hapo, nyuma ya kamera. Akasema huyo si yeye, nifute. Sikufuta. Nikamwambia inakwenda kwa Goodness. Akarudi kwenye kahawa yake. Mimi nimeshapanda bodaboda ndipo akanifuata hadi njiani kuniuliza mtoto ana miaka mingapi sasa. Nikamwambia sita.

"Basi naye ana pengo," akasema. "Mwambie Lwitiko ampige picha anacheka. Tutaona la nani kubwa."

Kwa hiyo toa ile picha ya ukutani, weka hii. Ya Goodness mpe Ferdinand akirudi, nitaipeleka Isansa mwenyewe. Ipige kwa mwanga wa dirishani, na usipake kitu chochote kwenye vishaba.

Nisalimie Ruti sana. Fausta anawasalimu, na Clever naye, ingawa hamfahamiani. Mungu awalinde barabarani na kazini, awafikishe kwenu Krismasi mkiwa wote.

Ni mimi baba yako mkubwa, nakupenda,
Yonathani Silwimba, mpiga picha.