Hakuna Aliyeulizwa

Mama,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umepungua uvimbe na unainuka mwenyewe kwenda kutia udhu. Dada Nimwaka amejifungua? Nimeuliza kwenye simu mara mbili, na mara zote laini ilikatika papo hapo. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Baridi ya huku imeanza kulegea, ingawa ukiniona na koti langu utasema ni gunia la mbata limeota miguu.

Najua utashangaa kuona karatasi. Mama, nikikupigia simu unaiweka spika, na nyumba nzima inasalimia kwa zamu. Haya ninayotaka kukuambia hayafai spika. Barua nimempa mtu wa Kikoneni anayekuja likizo. Isome peke yako kwanza.

Ni habari ya Hamisi. Tulia, mwanao yu hai.

Mliposikia redioni kwamba makombora yameanguka kule Uarabuni anakofanya kazi, nilikwambia nimezungumza naye na hana neno. Nilikuwa sijazungumza naye. Simu yake haikuwa ikiingia, nami sikuweza kukuacha ulale na hofu ile.

Nikueleze ilivyokuwa. Unajua kazi yangu ni kumtunza Bi Margareti, yule mwanamke mzee asiyeweza kutembea. Namwogesha, nampikia, namsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Nyumba ina watu wawili tu, mimi na yeye. Majirani hupungiana mikono kutoka ndani ya magari. Kuna siku nazungumza Kidigo na sufuria, nisije nikakisahau. Bi Margareti naye ana mjukuu mmoja, Daniel, aliyemlea tangu mama wa kijana alipofariki. Daniel ni baharia wa jeshi la huku.

Asubuhi moja nilikuwa nampakia siagi kwenye mkate, televisheni ikatangaza kwamba rais wa huku ameamuru meli za kivita zipige nchi moja ng'ambo ya bahari, jirani na aliko Hamisi. Bi Margareti akaweka kikombe chini. Akasema, "Daniel yuko kwenye meli hizo."

Nikampa pole, na moyoni nikawa najisemea kwamba bahari zilimo meli hizo ndiyo ile ile anayoitazama Hamisi kutoka juu ya winchi yake, akishusha makontena. Sikumwambia. Ana huzuni yake, nikaona nisimwongezee.

Nchi iliyopigwa ikajibu. Kombora moja likaangukia bandari anayofanyia kazi Hamisi. Nilipoliona jina la bandari ile kwenye kioo cha televisheni nilikwenda kujifungia stoo ya chakula, nikalia huku nimeuma kanga. Bi Margareti akaja na kiti chake mpaka mlangoni.

"Mejumaa, nani wako yuko kule?"

"Ndugu yangu."

Naona alikuwa akifikiri nilichokuwa nikifikiri mimi: mjukuu wake yuko upande ulioanza kurusha makombora, na ndugu yangu yuko palipoangukia yaliyorudishwa. Mwishowe akasema, "Sijui nikuombe radhi vipi."

Nikamwambia, "Wewe hukuulizwa."

"Sikuulizwa," akasema. "Lakini nilichagua mtu wa kuulizwa kwa niaba yangu. Sasa nataka nimwone."

Sheria ya nchi hii, alivyonieleza, haimpi rais vita peke yake. Jambo likiwa la dharura anaweza kuanza, lakini lazima awaarifu wabunge, na bila wao kuridhia hawezi kuendelea nalo. Siku zile kulikuwa na hoja bungeni ya kumtaka asimamishe mashambulizi mpaka Bunge liseme. Mbunge wa mtaa wetu alikuwa anakutana na watu katika ukumbi wa maktaba kabla ya kwenda kuipigia kura. Nikamvisha Bi Margareti, nikamsukuma mpaka huko.

Alipopewa kipaza sauti hakusalimu. Akauliza, "Mjukuu wangu Daniel alipoamriwa apige, wewe uliulizwa?"

Mbunge ni mwanamume wa makamo, mpole. Akasema, "Hapana, bibi. Nilisikia asubuhi kwenye taarifa ya habari, kama wewe."

"Na hoja hii utaiunga mkono?"

Akasema bado anatafakari, kwamba hataki wanajeshi waone wabunge wamewatelekeza wakiwa vitani.

"Mjukuu wangu hataumizwa na swali lako kwa rais," akasema Bi Margareti. Kisha akanigeukia. "Huyu anaitwa Mejumaa. Ndugu yake yuko bandarini ng'ambo ile. Hana kura hapa. Msikilizeni."

Mama, nilikishika kipaza sauti. Mwanao nisiyesema hata kwenye harusi. Nikasema, "Kwetu ng'ombe wa mtu akiingia shamba la mwenziwe, watu hukaa kitako kwanza kabla ya kushika fimbo, kwa sababu ugomvi ukizuka utaingia kila nyumba. Ninyi mlipoambiwa vita vimeanza, mlifanya nini?"

"Tuliomba maelezo," akasema.

"Mmepewa?"

"Bado."

Mtu mmoja nyuma akasema nirudi kwetu kama sipendi. Hakuna aliyemkemea, wala aliyecheka. Nikarudisha kipaza sauti na kushika kiti cha Bi Margareti, nikamsukuma mpaka nyumbani. Sijawahi kujiona mgeni kama siku ile, nami nimekaa hapa miaka.

Siku ya kura tulitazama pamoja. Mbunge wetu aliiunga mkono hoja. Ikashindwa kwa kura chache. Wabunge walitoka wakipeana mikono, na Bi Margareti akazima televisheni. "Wamepewa kufuli," akasema, "wakamrudishia rais pamoja na ufunguo wake." Tukala supu. Daniel bado yuko baharini.

Hamisi alipiga simu baada ya kura ile. Sikio la kushoto halisikii, na mkono umefungwa bendeji, lakini anatembea na anakula. Alinikataza nikwambie. Nimelikataa katazo hilo, kwa sababu kuna jambo amelitaka ambalo mimi siwezi kulifanya nikiwa huku.

Alikuwa na mwenzake anayeitwa Mwero, kijana wa Kinango. Walikuwa wakilala chumba kimoja na kupika sufuria moja. Mwero alikuwa chini ya winchi kombora lilipoanguka. Hamisi alishuka, akamkuta bado anapumua, akampakata mpaka akakata roho. Kampuni yao imempelekea mama yake ujumbe kwamba ni ajali ya kazini. Maiti haijafika. Hamisi anasema hapati usingizi akifikiri mama yule anaamini mwanawe aliteleza, tena alikufa peke yake.

Mama, najua mguu wako, na najua njia ya Kinango. Mchukue mjomba Bakari mwende. Ulizeni sokoni kwa mama yake Mwero, anauza mbuzi, watawaonyesha. Mwambie haikuwa ajali. Mwambie alipakatwa, na aliyempakata ni mtoto wako. Kaa naye kadiri atakavyotaka.

Msalimie baba mdogo, na mke wa kaka, na Nimwaka na kitumbo chake au kichanga chake. Mwambie mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, Bi Riziki, aniombee dua. Hamisi mpigie mwenyewe, useme karibu na sikio la kulia.

Na Bi Margareti ana ujumbe. Nilipomweleza habari za Mwero alilia, akaniomba nimfikishie mama yake pole, kutoka kwa bibi wa baharia. Nimeahidi kuandika, na nimeandika. Kama pole hiyo inapokeleka au haipokeleki, mimi nimeshindwa kujua. Ukishakaa na mama yule na kumtazama usoni, utajua wewe kama umpe au uinyamazie.

Mwanao akupendaye, aliye mbali nawe,
Mejumaa