Sala ya Kuwashia Mashine

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu za dhati, wewe na shemeji na watoto. Ukishazipokea naomba umwinamie baba pale kitandani umfikishie shikamoo yangu, hata kama siku hizi haitikii. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa mgongo, nao nimeuzoea kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele. Vipi vidonda vyake vya ubavuni? Bado unamgeuza peke yako, au shemeji ameacha kuogopa? Kila nikipiga magoti wewe ndiye wa kwanza kutajwa, maana kazi unayoifanya hapo ni ibada kuliko zangu zote.

Barua hii nimempa mkononi mwenzangu wa kazini. Tafadhali mkaribishe ndani, umtilie chai, umwombe radhi kwamba unasoma kwanza. Usimuulize kitu mpaka ufike mwisho. Unanijua, nikianza habari naanzia jikoni nakuja kutokea barabarani, kwa hiyo nivumilie.

Bado niko hotelini, chumba cha kufulia, kwenye pasi, na jina langu huku ni Mama Pasi. Mashuka ya wageni sitakusimulia yote, kwa kuwa huenda unasoma karibu na chakula. Niseme tu kwamba watu wanaonukia vizuri kwenye ngazi huacha kitandani vitu ambavyo hata paka angevifukia. Nilidhani miaka yote hii ya kufunua mashuka imenimalizia kinyaa. Kumbe kilikuwa kimelala tu.

Meneja mpya alitutangazia kwamba wafanyakazi wote tutajifunza Kiingereza tukimaliza zamu ya mchana, na asiyehudhuria asije akalalamika akipangiwa zamu mbaya. Tunakaa kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, ambako meza hazijawahi kukauka na kitambaa cha kuzifutia kinanuka kuliko kinachofutwa. Mwalimu ni kijana wa manukato mengi. Ana leso moja. Anafutia ubao, halafu anafutia uso, halafu akikumbuka anapengea. Tumempa jina Mwalimu Kinyume, kwa sababu hapumziki: akikutana na wewe kwenye korido anakutupia neno na anataka kinyume chake papo hapo. Mpishi mkuu anasema siku akitajiwa mshahara atampa kinyume chake bila kufikiri.

Mwezi huu tumekaa kwenye habari za kufanana na kutofautiana. Alianza na misemo. Sisi husema watu wamefanana kama shilingi kwa ya pili, na tumeridhika. Waingereza, kwa maelezo yake, husema ni njegere mbili za ganda moja. Hiyo haikunikera. Watu wawili wakitofautiana kabisa, wenyewe husema ni chaki na jibini, nikajiuliza ni nani alianza kutafuna chaki mpaka akajua. Lakini alipofika kwa mtoto aliyefanana na mzazi wake, dada, alituambia kwamba Waingereza husema ni sura ya kutemwa, kana kwamba mzazi amekohoa, akatema, na kile kilichoanguka chini ndicho mtoto.

Unakumbuka kopo la mchanga chini ya kitanda cha baba, lile la kutemea? Unakumbuka ni nani alilimwaga kila asubuhi, akiangalia pembeni? Watu waliandika msemo kwenye madaftari yao kwa furaha, mimi nikawa naliona lile kopo, na ule uzi mrefu uliokuwa haukatiki.

Mwalimu Kinyume ana namna yake ya kufundisha. Anawapanga watu wawili wawili, na kwa makusudi anachukua idara zisizokutana. Kila mmoja amchunguze mwenzake wiki nzima, kisha asimame mbele aseme kwa Kiingereza mnafanana wapi na mnatofautiana wapi. Mpishi mkuu alipewa mlinzi wa geti. Mimi nikapewa Mama Sufuria.

Huyu ni mwosha vyombo. Mwanamke wa mikono mikubwa, mpole, mdogo kwangu kidogo, na naomba Mungu anisamehe, sijawahi kuona kiumbe mwenye mambo ya kuchefua kama yeye. Akimaliza kula anavuta hewa katikati ya meno, fyuu, fyuu, mpaka kipande kitoke, akitazame, akirudishe. Sikio analichokonoa kwa kifuniko cha kalamu, halafu ananusa. Pua anaipenga kwa kuziba tundu moja na kuliachia jingine, mahali popote alipo. Nikawa naandika tofauti zetu na sipati nafasi ya kutosha kwenye ukurasa. Kufanana sikuandika hata kumoja. Nilikula kwa kuufunika mdomo na khanga wiki nzima, na bado kila nikimtazama nilikuwa na hisia ya ajabu kwamba karaha ile naijua, kama harufu ya nyumba niliyowahi kulala.

Siku ya kusimama ikafika. Nilianza mimi. Nikasema yeye ni mrefu, mimi mfupi. Yeye ni maji, mimi ni moto. Mengine niliyaacha kwenye karatasi, maana adabu bado ninayo. Mwalimu akasema vizuri, chaki na jibini, watu wakapiga makofi.

Ikawa zamu yake. Aliongea taratibu, akiokoteza maneno. Akasema amenichunguza na ameona tumefanana. Watu wakacheka, nami nikacheka. Akasema tukipewa chai, wote wawili tunachovya kidole kidogo kwanza kupima joto, halafu tunakilamba.

Nikasema sifanyi uchafu huo mimi. Mama mmoja wa mapokezi, ambaye huwa hasemi kitu, akageuka na kuniambia, “Mama Pasi, unafanya kila siku. Ndiyo maana mimi siku hizi najimiminia mwenyewe.”

Chumba kizima kiliangua kicheko. Nikakitazama kidole changu kidogo kama mtu aliyeokota kitu jalalani. Hakuna aliyewahi kuniambia, dada. Hata wewe. Au na wewe unafanya?

Mwalimu akaona mambo yamechangamka, akataka kumalizia kwa vinyume. Akamtajia Mama Sufuria neno “kizito,” kwa Kiingereza, atoe kinyume chake. Mama Sufuria akakwama. Akafumba macho, na kama mtoto anavyorudi mwanzo wa hesabu ili alikumbuke jibu la katikati, akaanza kunong'ona kwa Kiswahili: “Mwenye nguvu, shika mpini nami nishike. Kizito kiwe chepesi. Kigumu kiwe laini. Kichafu kiwe safi.”

Akatua kuvuta pumzi. Mdomo wangu ukamalizia bila kuniomba ruhusa: “Cha jana kiwe kipya, na aliye mbali naye apate.”

Tukatazamana. Wengine walidhani ni wimbo wa shule.

Dada, sala ile haimo katika kitabu chochote. Baba aliitunga mwenyewe, akiisema ameshika mpini wa kuwashia mashine ya kusaga nyuma ya nyumba, sisi tumejipanga kwa umri na mikono mgongoni, wewe mbele na mimi kitindamimba mwisho, tukisubiri kuitikia amina. Baba alitukataza kuipeleka nje. Alisema sala ya nyumba ni kama mswaki, haiazimwi.

Nilimvuta Mama Sufuria mpaka nyuma, kwenye mapipa ya mabaki, mahali pekee pasipokuwa na watu. Nzi walikuwa juu ya maganda na maji ya samaki yakitiririka karibu na viatu vyetu. Nilimuuliza sala ile ameipata wapi. Akasema kwa baba yake, fundi wa mashine za kusaga, aliyekuwa akija na kuondoka na sanduku la spana. Alikuja na mashati yaliyonyooshwa vizuri sana, mama yake akawa anamtania kwamba ana dobi wa kifalme. Yeye mwenyewe aliisema sala hiyo kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko, akaendelea nayo mpaka leo kabla hajaingiza mikono kwenye masufuria. Baadaye waliambiwa kwamba baba yake mashine ilimvuta mkono huko safarini akafa, akazikwa na watu baki. Nikamwomba avue kiatu. Alishangaa lakini akavua. Kidole cha pili kimepanda juu ya kidole gumba, mguu wa kushoto, kama cha baba, kama cha kaka yetu marehemu.

Nilitapika, dada. Pale pale kwenye mapipa. Naye akanishikia paji la uso kwa mkono ule mkubwa unaonuka sabuni na mafuta, akisema pole, pole mama, huenda ni samaki.

Dobi wa kifalme nilikuwa mimi. Mama alinifundisha pasi kwa mashati yale. Nilikuwa nasimama juu ya kibao ili niifikie meza, nikiyapuliza makaa, nikiogopa kuunguza kola ya baba anayekwenda kutafuta riziki. Nilimuuliza Mama Sufuria alizaliwa lini. Ni mwaka ule mama alipolazwa, wewe ukaacha shule utupikie. Tulikuwa tunaambiwa mashine za mbali zimeharibika nyingi, baba hana namna.

Tangu siku hiyo kila kitu kinanuka. Maji ya kunywa yananuka. Nikipiga magoti natafuta maneno mengine, lakini yanakuja yale ya mpini, nami nayatema. Nimemchukia mzee aliyelala mbele yako hajiwezi, nikajichukia kwa kumchukia. Kinachonichefua si kwamba alikuwa na nyumba mbili. Wanaume wangapi wanazo, na wake wanajua. Kinachonichefua ni kwamba alitupanga kwa umri, akatufumba macho, akatutia mwishoni mwa sala neno la “aliye mbali,” nasi tukajibu amina kwa sauti. Tulidhani ni wasafiri. Kumbe tulikuwa tunawaombea hao. Na kule kwao, anasema, walidhani ni wasafiri vilevile, kumbe walikuwa wanatuombea sisi.

Nimeligeuza hilo mara nyingi nikiwa kwenye pasi. Sijui kama ni uongo mbaya kuliko wote au ndiyo kweli pekee aliyowahi kutuambia. Wewe uliyemlisha kwa kijiko miaka hii ndiwe utakayejua.

Sasa nikiri nililolifanya, na usinikasirikie kabla hujamaliza. Ilinipasa nikuulize kwanza, wewe ndiwe mkubwa na nyumba ni yako. Sikukuuliza. Nilimwambia yu hai. Nilimwambia anaumwa, hasemi, na dada yetu anamgeuza ubavu. Hakulia, wala hakuomba kitu. Alikaa akivuta hewa katikati ya meno, fyuu, fyuu, nami nikataka kumzaba kofi, kisha akaniuliza kama mtu asiyeweza kusema bado anaweza kuitikia amina. Anataka kuisema sala ile mara moja karibu na sikio lake, basi, halafu ataondoka. Nikasema nitaandika barua.

Sikuja naye kwa sababu bado siwezi kumtazama baba usoni. Huo ni woga na naujua. Wala usidhani nimempenda huyu ndugu yetu, maana sitaki kukudanganya. Akila bado nageuza kichwa. Lakini sasa nikigeuza kichwa najiona na mimi, kidole kwenye chai, na sipati tena pa kukimbilia.

Ukimfukuza nitakuelewa. Uliacha shule, mimi nilinyoosha mashati tu. Lakini kama utamruhusu, mpe kazi ya kumgeuza baba kwanza. Ana mikono ya kuinua masufuria, na mgongo wako umechoka.

Nisalimie shemeji, na wanao wote uwabusu kwa niaba yangu. Mungu aikalie nyumba yako na aikunjue mioyo yetu, wangu ukiwa wa kwanza, kwa kuwa umejikunja vibaya na pasi haifiki. Nafikiri chai imeshawekwa mezani. Inua macho sasa, dada, umtazame mgeni wako kabla hajainywa.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuwa kitindamimba.