Petroli ya Kwetu na Petroli ya Hapa

Nyamityobora, Mbarara
Tarehe 14 Juni 2009

Mpendwa Dada Orpa,

Nakusalimu wewe na Mama na watoto. Mguu wa Mama umeendeleaje? Ulisema uvimbe unapanda gotini. Asikae kwenye ubaridi, na kama dawa za kituo cha afya zimekwisha, msingoje. Mimi nina malaria ya kawaida, inakuja inaondoka. Mgongo unauma tangu msimu wa mvua. Nakula, nalala, kesho nafanya kazi.

Kule kambini Nakivale mahindi yameungua kwa jua. Walioomba mashamba upande wa Rugaaga wamepata kidogo, sisi wengine hatukupata kitu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema mumeo asikanyage kwa Mama, na wazee wa kanisa wamekubaliana nawe kwamba huwezi kukaa na mwizi. Umesema pia kwamba Gaju akimuulizia baba yake, unamwambia amekufa barabarani. Kwa hiyo nakuandikia habari ya lile gari, na safari hii naandika ilivyokuwa.

Unajua mimi na mumeo tulifanya kazi pamoja kwa Mutware, mwenye pikapu ya kubeba maziwa kutoka Bwizibwera kuja Mbarara. Niyomugabo alikuwa dereva, mimi nilikuwa kibarua wa kupakia madebe, na kwa sababu nilishika spana miaka miwili kule Kadutu, Bukavu, nikawa pia fundi wa bure. Gari ni la mazutu, ndiyo dizeli ya hapa. Mwezi wa kwanza lilianza kuchelewa kuwaka asubuhi. Linazunguka, linazunguka, linatoa moshi mweupe, halafu ndipo linakubali. Nikazipima zile plagi zinazopasha moto injini kabla ya kuwaka. Unachukua waya kutoka kwenye betri, unaupitisha kwenye balbu, unagusa kichwa cha plagi moja moja. Mbili ziliwasha balbu, mbili zilikuwa zimekufa. Nikamwambia Mutware anunue mbili. Akasema, "Gari si linawaka? Likikataa, wewe utasukuma. Nakulipa mikono, sikulipi mdomo."

Tukasukuma, mimi na mumeo, kila asubuhi, madebe yakiwa ndani.

Nilipochoka nikamwambia Niyomugabo, "Shemeji, kila ukijaza tangi, ongeza chupa moja ya petroli. Bukavu tulifanya hivyo wakati wa baridi." Ni maneno yangu, niliyasema kwa kinywa changu.

Dada, wewe na mimi petroli ya kwetu Bukavu tunaijua. Ndiyo ile Mama aliyotutuma tuinunue kwa ajili ya taa. Inayoendesha pikipiki tunaiita esansi. Lakini Niyomugabo amekulia Ngara, Tanzania, na huko, kama hapa Uganda, petroli ndiyo hiyo esansi. Mafuta ya taa wanayaita mafuta ya taa. Nilisahau. Nimekaa Uganda miaka minane, nikasahau.

Gari likazidi. Sasa likawa linachelewa hata mchana, injini ikiwa moto. Nikahangaika nalo wiki nyingi. Nikasafisha vichwa vya betri. Nikabadilisha chujio. Nikatafuta fasi inapoingia hewa, nikakaza kila bomba. Siku moja nikafungua bomba linalorudisha mazutu kwenye tangi, nikanusa kidole. Esansi. Pampu ya gari kama hilo inalainishwa na mazutu yenyewe. Ukiyachanganya na esansi, vyuma vinasagana vikavu.

Nikamuuliza mumeo, "Unaweka nini humu?"

Akasema, "Si petroli uliyoniambia? Moja haikutosha, siku hizi naweka tatu. Nanunua mwenyewe, bosi asije akasema tunamsumbua."

Alikuwa anajisifu. Nikamwambia aache. Sikumwambia kwa nini.

Baada ya siku nne gari likakataa kabisa pale Bwizibwera, penye kukusanyia maziwa. Jua likawa kali, maziwa yakaharibika. Mutware akaja na fundi kutoka mjini. Wakafungua pampu, ikawa imesagika ndani, fundi akanusa akampa Mutware naye anuse. Mutware hakuuliza mengi, akamgeukia mumeo. "Wewe mukimbizi, nakupa kazi, unauza dizeli yangu unajazia uchafu?"

Viviane, yule mama anayepima maziwa, akasema, "Bosi, petroli si ni ghali kuliko dizeli? Mwizi gani anaiba ya rahisi anarudisha ya ghali?" Wakamwambia apime maziwa yake. Nilimsikia vizuri. Ningesema neno moja tu baada yake, lingetosha.

Wakamshika. Mutware akachukua debe la maziwa yaliyochacha akammwagia kichwani, polepole, hadi likaisha. Watu walicheka. Mmoja akasema, "Mwacheni, sasa anaganda, kesho tumuuze siagi." Mumeo akafuta macho akanitazama. "Shemeji, waambie. Si wewe uliniambia?"

Mutware akanigeukia. "Haya, fundi. Ulimwambia?"

Nikasema, "Mimi nabeba madebe. Habari ya tangi siijui."

"Umeona? Hata shemeji yako amekukana," Mutware akasema. Ndipo wakampiga. Mmoja alimkanyagia mkono juu ya kifuniko cha debe. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji tena. Mimi nilikuwa napanga spana kwenye boksi. Nilizipanga zote, kubwa hadi ndogo.

Wiki ile ile nikakuandikia kwamba mumeo ni mwizi. Nilifanya haraka ili akikuandikia yeye, ukute umeshaamini. Nawe uliamini upesi, Dada. Miaka kumi na moja umekaa naye, hujakuta hata sukari ya jirani mkononi mwake, na karatasi yangu moja ikatosha. Hilo ni lako. Yaliyobaki ni yangu.

Mutware alinunua pampu nyingine. Alinunua na zile plagi mbili. Sasa gari linawaka kwa ufunguo mmoja, na dereva ni mimi.

Sijamwambia Mutware, wala sitamwambia. Atanifukuza, na gari lingine sitapata. Usiniombe hilo.

Mwenye kukuletea barua hii ni yeye, Niyomugabo. Alikuja kutoka kambini kuniuliza kama kuna habari yako. Nikamwambia nitampa barua ya kukuombea amani, aipeleke mwenyewe kwa mkono. Nimeifunga kwa gundi. Hajui kilichomo, anadhani nimekuomba umsamehe wizi. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Kisha akasema, "Shemeji, mwandikie kwamba sikuiba. Lakini ukiona hataamini, andika kwamba niliiba na nimetubu. Nataka niingie tu."

Amesema hivyo mbele yangu, Dada, na mimi nikaitikia.

Basi sasa hivi yuko mbele yako, au umemwacha amesimama nje. Mwite ndani. Msomee yote kwa sauti, na pale niliposema siijui usiparuke. Halafu Gaju aje amwone.

Msalimie Mama, umwambie nitatuma dawa. Msalimie shangazi Mukandoli na mchungaji Ndayambaje, na barua hii aisome naye, kwa kuwa ile ya kwanza aliisoma. Mungu awatunze nyumba nzima, na yeye mkimhesabu humo.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata kama hutanijibu,

Modeste