Khaled na dokta wa dawa ya kusahau

Lisette, nimetoka kwa dokta saa hii, aibu na kicheko vinaniua!

Si wanajaribu dawa ya Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, kwa watu wazima wenye trisomi, ile hali ya Down aliyozaliwa nayo Khaled? Nikamupeleka kaka Khaled, maana siku hizi anasahau hata viatu.

Dokta akamuuliza: "Unaitwa nani?" "Sijui." "Unakaa wapi?" "Sijui." Khaled, anayesalimia mtaa wetu wa Bwiza wote mpaka mbuzi!

"Huyu ni dada yako?" Akanikazia macho: "Simujui." SIMUJUI! Mi nilimuogesha asubuhi!

Dokta akasema ugonjwa umefika mbali, dawa haitamusaidia.

Mulangoni Khaled akaninong'oneza: "Sikumuambia kitu, kama mama alitufundisha wakati wa vita, wale wenye bunduki wa bariyeri barabarani wakiuliza. Tumepita?"

Lisette, hajasahau!

Narudi ndani. Leo huyo dokta atanijua.